Mfupa Ulioona Jua

Kwa miezi kumi na minne nilikuwa mteja wa kudumu wa duka moja la dawa karibu na stendi. Binti wa pale akiniona tu navuka barabara, mkono wake unakwenda kwenye rafu. "Rangi mbili au zile za juzi, mwalimu?" Nami namjibu kulingana na usaha. Ukiwa mweupe, rangi mbili. Ukiwa wa kijani na unanuka, zile za bei, za kumeza kimoja asubuhi kimoja jioni. Hakuna daktari aliyenipa utaratibu huo. Niliubuni mwenyewe, mimi mwalimu wa baiolojia, ambaye kwa miaka tisa nilikuwa nimewaandikia watoto wa watu ubaoni maana ya usugu wa dawa na kuwatungia mtihani juu yake.

Vidonge vilikuwa vya mdogo wangu. Ni dereva wa bodaboda, na jioni moja ya Machi 2017, kwenye barabara ya vumbi nje kidogo ya Kilosa, gari dogo lilimchapa ubavuni likamvunja muundi wa mguu wa kulia. Mfupa ulitoboa ngozi, ukatoboa suruali ya jinzi, ukagusa barabara. Kisha wenzake walipomnyanyua kumpakia kwenye pikipiki nyingine, mguu ukanyooka na mfupa ukarudi ndani wenyewe. Kilichobaki kilikuwa kidonda kidogo tu, upana wa mdomo wa chupa ya soda.

Naomba ukishike hicho kidonda kidogo, kwa sababu miaka miwili iliyofuata ilitoka humo.

Ajali ilitokea kama saa kumi na mbili na nusu. Walipita kwanza polisi kuchukua PF3, kwa sababu kila mtu anajua ukifika hospitali na majeruhi wa ajali bila ile karatasi utaulizwa. Wakafika hospitali saa tatu usiku. Akachomwa sindano ya pepopunda, akachomwa ya maumivu, kidonda kikapanguswa kwa pamba yenye dawa na kushonwa. Nyuzi saba, zimelingana kama za cherehani. Mama alipoziona asubuhi alimsifu aliyeshona. Antibayotiki ya kwanza iliingia kwenye mshipa saa mbili asubuhi, baada ya daktari kupita wodini.

Waliouona mfupa ukiwa nje walibaki barabarani au walirudi kijiweni. Aliyeshona aliona tundu dogo tu. Simlaumu sana siku hizi. Zamani nilimlaumu mpaka nikachoka.

Siku ya nne akaruhusiwa, amefungwa hogo nusu la plasta na kupewa vidonge vya wiki moja. Siku ya sita chumba kikaanza kunuka. Mama, ambaye hana imani na hogo, akamwita mzee mmoja fundi wa mifupa, mtu anayeheshimika kule kwetu na ambaye mikono yake imeunga mikono mingi ya watoto walioanguka kwenye miembe. Mzee akaja na majani yake na vijiti vyake. Akakaa kwenye kigoda, akainusa ile harufu, hata hogo hakuligusa. Akauliza, "Huu ulitoka nje?" Mdogo wangu akasema ndiyo. Mzee akafunga mfuko wake. "Basi huu umeona jua. Mfupa ulioona jua si wangu. Mrudisheni hospitali leo leo."

Huyo ndiye mtu wa kwanza katika habari hii yote aliyeuliza swali hilo.

Nilikuja kusoma baadaye, usiku, kwenye simu, nikiwa na hasira na hatia kwa pamoja, kwamba madaktari nao wanaugawa ulimwengu hivyo hivyo. Mfupa uliovunjika ndani ya ngozi yake ni jambo moja, uliotoboa ngozi ni jambo jingine kabisa. Gustilo na Anderson, wawili waliokuwa Minnesota, Marekani, walipanga mivunjiko ya wazi katika aina tatu mwaka 1976, ya kwanza nyepesi na ya tatu mbaya zaidi, na mpaka leo ndiyo lugha ya wodini. Unachohesabu si ukubwa wa tundu peke yake bali nguvu ya kishindo, uchafu ulioingia, na nyama iliyosagika. Tundu la mdomo wa chupa, chini yake kuna mchanga wa Kilosa na kipande cha jinzi: hiyo si aina ya kwanza hata uipime kwa rula namna gani.

Kuhusu antibayotiki yenyewe, ushahidi ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1974, Patzakis na wenzake huko Los Angeles walichapisha majaribio ambayo leo yasingeruhusiwa. Wagonjwa wenye mivunjiko ya wazi waligawanywa makundi matatu. Kundi lisilopewa antibayotiki yoyote, karibu 14 kati ya kila 100 waliambukizwa. Waliopewa penisilini pamoja na streptomaisini, karibu 10. Waliopewa dawa ya jamii ya sefalosporini, wawili na kidogo. Tangu hapo hakuna anayebishana kama itolewe. Ubishi ukahamia kwenye lini, ipi, na kwa muda gani.

Lini, jibu ni sasa hivi. Patzakis huyo huyo na Wilkins walirudi mwaka 1989 na mivunjiko zaidi ya elfu moja: waliochomwa dawa ndani ya saa tatu tangu kuumia waliambukizwa 4.7 kwa 100, waliochelewa zaidi ya hapo 7.4. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2015 ulioangalia miundi ya aina ya tatu pekee ukapata mstari ulio mkali zaidi, dakika 66. Mdogo wangu alisubiri saa kumi na tatu na nusu. Nilifanya hesabu hiyo kwenye karatasi ya nyuma ya daftari la mahudhurio, halafu nikaichana.

Ipi, wataalamu wengi wanataja sefazolini, na jentamaisini iongezwe pale jeraha likiwa baya. Sefazolini kwetu haionekani sana. Mfalme wa wodi zetu ni seftriaksoni, inayochomwa kwa kila kitu kuanzia homa ya mapafu mpaka kidole kilichobanwa na mlango. Kwa muda gani ndiyo sehemu iliyonishangaza. Kwa kinga, yaani kabla uambukizo haujaota, muda unaopendekezwa ni saa 24 kwa mivunjiko midogo na kama siku tatu kwa mibaya. Siku tatu! Sisi tuliona vidonge vya wiki moja ni vichache, tukaongeza vya wiki tatu kwa pesa zetu. Yaani tulichelewesha ile dozi iliyokuwa na kazi na kurefusha zile zisizo na kazi.

Halafu kuna lile ambalo dawa haiwezi kulifanya hata ikiwahi. Mchanga hautoki kwa sindano. Nyama iliyosagika haifufuki kwa dripu. Inabidi mtu achukue kisu, aongeze lile tundu dogo liwe kubwa, afuate njia yote ambayo mfupa ulipita, akate kila kilichokufa, na amwagie maji mengi. Maji ya kawaida ya chumvi ya hospitali. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya majaribio makubwa ya kimataifa, wagonjwa karibu 2,500, yaliyolinganisha maji ya chumvi na maji yenye sabuni, na pia mashine za kurusha maji kwa nguvu na maji yanayoteremka taratibu. Sabuni ikashindwa: waliooshwa kwa sabuni walirudi tiatani zaidi. Nguvu ya maji haikubadilisha kitu. Chupa ya dripu iliyotundikwa juu ya msumari inatosha, kitu ambacho kila hospitali ya wilaya inacho. Nilipoisoma hiyo niliweka simu chini nikatoka nje kukaa barazani.

Na kidonda cha namna hiyo, kama kina uchafu, hakishonwi siku ya kwanza. Kinaachwa wazi, kinafunikwa, kinarudiwa. Zile nyuzi saba nzuri zilikuwa mlango uliofungwa wezi wakiwa ndani.

Hospitali kubwa tuliyopelekwa ilifanya yote hayo, ila siku ya saba badala ya usiku ule. Nyuzi zikakatwa, usaha ukatoka, akaingizwa tiatani mara tatu katika wiki mbili, akafungwa vyuma vya nje, vile ambavyo wodini kila mtu anaviita antena. Alikaa na antena miezi mitano. Ukipita ile wodi jioni unaona miguu imesimamisha antena vitanda vyote, na wenyewe ni vijana watupu, wanapiga soga za Simba na Yanga kana kwamba wako kijiweni. Mfupa ukaunga kwa kujikokota. Antena ikatolewa Agosti. Tukachinja kuku.

Septemba pakaota kitu kama jipu juu ya kovu. Likapasuka, likatoa usaha, likabaki tundu lisilozidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Ndipo nilipoanza kuvuka barabara kwenda duka la dawa.

Vidonge vilikuwa vinafanya kazi. Hapo ndipo ubaya wake. Siku ya tatu usaha unapungua, siku ya saba tundu limefunga, mdogo wangu anapanda pikipiki. Wiki mbili, tatu, mguu unaanza kupata joto usiku, unavimba, tundu linafunguka palepale. Nilidhani dawa imekuwa dhaifu, nikapanda ngazi kwenda ya bei zaidi. Nilifanya hivyo mara nane au tisa. Sikuwahi kujiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wa kidato cha pili: dawa ikimezwa inafikaje mguuni?

Inafika kwa damu, haina usafiri mwingine. Na muundi, hasa upande wa mbele ule unaoupapasa kwa kidole, hauna nyama ya kuufunika. Ngozi, halafu mfupa. Sehemu kubwa ya damu yake inatoka kwenye utando unaouvika na kwenye uboho ndani. Kishindo kikichana utando na kupasua mfupa vipande, kipande kimoja kinaweza kubaki hakina mshipa hata mmoja. Kinakufa. Hakiozi kama nyama, kinakaa pale, kigumu, cheupe, na mwili unajenga mfupa mpya kukizunguka kama ganda. Bakteria wanakaa juu yake. Damu haifiki, kwa hiyo askari wa mwili hawafiki, na dawa haifiki.

Juu ya hapo bakteria wanajijengea utando wao wenyewe. Kila mmoja wetu anao utando wa namna hiyo mdomoni, ule ukoga unaoukwangua kwa mswaki asubuhi. Jaribu kuuondoa ukoga kwa kumeza kidonge. Ndani ya utando huo bakteria wanapunguza mwendo, wanalala usingizi wa nusu, na dawa nyingi zinaua vizuri wale wanaogawanyika kwa kasi, si waliolala. Huyu maarufu wa mifupa, Stafilokokasi aureasi, anakwenda mbali zaidi: anajipenyeza kwenye vijifereji vya ndani ya mfupa wenyewe na hata kuingia ndani ya seli za mfupa. Kila dozi yangu ilikuwa inawaua waliotoka kutembea. Wenye nyumba hawakuguswa.

Kuna mtu aliyeliona hili mapema sana, na ni yule yule wa penisilini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Alexander Fleming alikuwa kwenye maabara ya jeshi huko Boulogne, Ufaransa, majeraha ya mabomu yakioza mbele ya macho yake ingawa yalimiminiwa dawa kali za kuua vijidudu. Akachukua mrija wa kioo, akaupasha moto na kuuvuta pembeni mpaka ukawa na miiba mirefu yenye uwazi ndani, mfano wa jeraha lenye pembe na mashimo. Akaujaza majimaji yenye bakteria, akaumwaga, akajaza dawa ya kuua, akaimwaga, akajaza majimaji safi. Kesho yake majimaji safi yamechafuka. Bakteria walijificha kwenye miiba. Ni miaka kumi na zaidi kabla ya mwaka 1928 alipokuta ukungu kwenye sahani yake. Mtu aliyetupa antibayotiki alikuwa amekwisha kuonyesha kwa kioo kwamba dawa isiyofika haina kazi.

Novemba 2018 tulimpata daktari bingwa wa mifupa aliyetutaka twende na picha zote na maboksi yote ya dawa. Nikayamwaga mezani kwake. Akayapanga kama mtu anayecheza karata, hakusema neno. Halafu akainua eksirei kwenye taa na kunionyesha kipande cheupe kuliko vingine, kimelala ndani ya mfupa kama ufito. "Mwalimu, mnamlisha huyu?"

Nilitegemea aandike dawa kubwa kuliko zote. Akasema tuache zote. Wiki mbili bila kidonge hata kimoja, kisha tiatani. Nikamwambia usaha utarudi. Akasema ndiyo, na aje. Alitaka kukata vipande vya mfupa kutoka sehemu tano tofauti, kila kimoja kwa kifaa chake safi, vioteshwe maabara, na dawa mwilini ingewaficha wale anaowatafuta. "Unataka nimkamate mwizi huku unanipigia king'ora?" Nikamuuliza kwa nini asichukue tu usaha wa kwenye tundu kwa pamba. Kwa sababu mlangoni hukaa wapita njia, akasema, mimi nataka mwenye nyumba.

Zile wiki mbili zilikuwa ndefu kuliko miezi kumi na minne.

Upasuaji ulichukua saa tatu. Alikitoa kile kipande, kirefu kama kidole cha shahada, chepesi, kina vishimo. Akaendelea kuchonga mfupa pembeni mpaka alipoona unatoa vidoadoa vya damu, kama jasho. Hapo ndipo mfupa ulio hai unapoanzia, na hapo ndipo kisu kinaposimama. Kwenye pengo lililobaki akaweka shanga. Kweli shanga. Walizikoroga wenyewe tiatani: saruji ya mifupa, plastiki ya jamii ile inayotengenezewa meno ya bandia, ikachanganywa na jentamaisini, ikafinyangwa vidonge vidogo na kutungwa kwenye waya. Wajerumani ndio walioanzisha mambo hayo miaka ya 1970. Jentamaisini inachaguliwa kwa sababu inavumilia joto la saruji inapoganda, inayeyuka vizuri kwenye maji, na ni rahisi. Pale kwenye pengo inamwaga dozi ambayo ukiipitisha kwenye damu ingeumiza figo na masikio, lakini mwilini haisambai ila kidogo sana. Yaani kama damu haifikishi mzigo, unaushusha mlangoni mwenyewe.

Wazo hilo hilo watafiti wa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wamekuwa wakilipima kama kinga: kuweka jentamaisini ndani ya jeraha la muundi uliovunjika wazi kabla uambukizo haujaota. Nilifurahi kujua kwamba swali hilo linaulizwa Dar es Salaam, kwenye miguu ya bodaboda zetu wenyewe.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki, karatasi moja yenye majina ya dawa upande mmoja na herufi upande wa pili. Stafilokokasi aureasi, vipande vinne kati ya vitano. Nikayatafuta majina ya maboksi yangu. R. R. R. Wamezoea. Sijui walikuwa sugu tangu siku ya kwanza au mimi ndiye niliyewasomesha, na daktari alikuwa muungwana, hakunijibu. Klindamaisini ilikuwa na S, yaani bado inawaua, na inaingia vizuri kwenye mfupa, kwa hiyo wiki sita za klindamaisini.

Za kumeza. Mama alinuna; kwake sindano ndiyo dawa, kidonge ni cha mafua. Nami moyoni nilikuwa upande wake. Lakini Januari 2019 Waingereza walichapisha utafiti wa watu 1,054 katika hospitali 26, wote wakiwa na uambukizo wa mifupa au viungo. Nusu walipata dawa ya mshipa kwa wiki sita za mwanzo, nusu ya kumeza. Matibabu yalishindikana kwa 14.6 katika 100 waliodungwa, na 13.2 katika 100 waliomeza. Kisu kikishafanya kazi yake, njia ya dawa si hoja kubwa, mradi ni dawa inayomfaa yule bakteria na mgonjwa anaimeza kweli. Zilimharisha wiki ya pili, daktari akaangalia, tukaendelea.

Shanga zilitolewa baada ya mwezi na nusu, pengo likajazwa vipande vya mfupa kutoka nyongani. Mguu wa kulia umebaki mfupi kwa sentimita mbili hivi. Tundu halijarudi. Daktari hajawahi kutamka neno "umepona"; kila mara anasema "umetulia", kwa sababu ugonjwa huu unaweza kulala miaka na kuamka. Mdogo wangu kila asubuhi akioga hupitisha kidole gumba juu ya kovu, toka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, polepole, kisha ndipo anavaa suruali.

Amerudi kwenye bodaboda. Nilipiga kelele, haikusaidia. Mwaka jana, usiku wa saa nne, alinipigia akihema. Mwenzao kaanguka, mwingine kaenda polisi kufuata PF3, wao wamempeleka moja kwa moja hospitali. Nesi ameangalia, amesema ni kidonda kidogo, wasubiri kwenye benchi.

"Mfupa ulitoka?" nikamuuliza.

"Ulitoka ukarudi. Mimi niliuona."

"Basi rudi dirishani uwaambie ulitoka."